Bwana Ishaq na Maji Moto ya Serikali

Imetangazwa rasmi, na jambo likishatangazwa rasmi huwa limekwisha kuwa kweli, kwamba jua la Omani, ambalo kwa karne nyingi limekuwa likichomoza na kuchwa bila ya kufanya kazi yoyote ya maana, tangu mwaka 1998 limeajiriwa kuwachemshia raia maji ya kukogea, miezi yote kumi na miwili, bila ya moshi, bila ya kelele, na bila ya kuyagusa mafuta ya wajukuu.

Tangazo lilisomwa na Sheikh Awadh, mwenyekiti wa kamati ya majaribio ya nishati mbadala katika wizara moja ambayo haina haja ya kutajwa, ndani ya ukumbi ambao viyoyozi vyake viliwafanya wasikilizaji wajikunyate kama vifaranga. Ulikuwa mwisho wa Mei. Siku hiyo hiyo, huko Sib, nje ya Maskati, maji yaliyokuwa yakitoka katika mfereji wa baridi wa nyumba ya Bwana Ishaq bin Harub yalitosha kunyonyolea kuku.

Bwana Ishaq mwenyewe alikuwemo ukumbini. Alikuwa karani wa bohari katika wizara ile, na makarani wa bohari huitwa kwenye hotuba ili viti visionekane vitupu. Alipiga makofi pamoja na wenziwe, kisha akamwinamia aliyekaa ubavuni pake.

"Maji ya moto ya nini?"

"Ya kukogea."

"Mwezi wa nane?"

"Miezi yote, kasema."

Bwana Ishaq hakuwa mtu wa ubishi. Alikuwa amepitisha maisha yake akihesabu viti vya watu wengine, akikubali kila aliloambiwa na wakubwa, akila alichopikiwa. Ila maisha hayo, ukiyakamua kama nguo, yangedondosha kitu kimoja tu: hamu ya maji ya baridi.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, katika nyumba ambayo mtungi ulikaa pembeni mwa ukumbi na kata juu yake. Maji ya mtungi ule yalikuwa na ubaridi ambao hapana aliyeuona kuwa ni neema, kwa sababu ulikuwepo kila siku. Alikuja Maskati na mamaake, Bi Masouda, mwanzo wa miaka ya sabini, mwezi wa Julai, naye kijana. Jamaa walikuja kumpokea uwanja wa ndege, wakamkumbatia, wakamwambia kwamba nchi ya babu zake imemfungulia mikono. Alipofika nyumbani aliomba kukoga. Akafungua mfereji wa baridi, akakitia kichwa chake chote. Ukelele aliotoka nao bafuni Bi Masouda bado anawasimulia wageni, pamoja na mikono.

Ndipo alipofundishwa mambo ya mjini. Maskati tangi la maji hukaa juu ya paa, na paa la Maskati wakati wa joto ni kikaango. Lakini hita ya umeme, ile iliyotundikwa ukutani bafuni, iko ndani, kivulini. Basi likiingia joto watu huizima hita, wakaiacha iwe ghala ya maji yaliyopoa. Tangu Aprili mpaka Oktoba mfereji mwekundu ndio wa baridi, na wa buluu ndio moto wenyewe. Mtoto wa Maskati hulijua hili kabla ya kujua alifu na be. Halijaandikwa popote, na wageni huungua kila mwaka.

Ubaya wake ni kwamba hita ni ndogo. Katika nyumba ya serikali aliyopewa Bwana Ishaq huko Sib, mlimokuwa na mama, mke na watoto, wa kwanza kukoga hukoga, wa pili huungua, na wa tatu hutayamamu kwa mchanga.

Alijaribu kila njia. Alilivika tangi kubwa magunia yaliyolowa. Magunia yakanuka, halafu yakaota majani. Alilipaka rangi nyeupe, tangi likapendeza. Alinunua jiwe la barafu kwa wavuvi wa Sib akalitumbukiza ndani, na kwa muda wa alasiri moja nyumba nzima ikawa na maji baridi yenye harufu ya jodari. Bi Masouda alitawadha, akasali, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akasema, "Leo nimesali kama samaki. Mungu ndiye ajuaye kama nimekubaliwa."

Mwisho akalijengea tangi banda la makuti. Upepo wa mwezi wa sita uliling'oa zima zima ukalitua katika ua wa jirani, Bakhit, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Wete, ambaye ulimi wake ungeweza kupasulia kuni. Bakhit alikuja mlangoni taratibu, ameshika kuti moja.

"Yakhe Ishaq, makuti yako yamefika salama. Nazi zinakuja lini?"

Hapo Bwana Ishaq akakata tamaa, kama wakatavyo tamaa watu wa heshima: bila ya kumwambia mtu.

Sasa kamati ya Sheikh Awadh ilihitaji nyumba za kufanyia majaribio. Waliombwa watumishi wajitolee. Hapana aliyejitolea, na katika ofisi zetu wasipopatikana wa kujitolea, huchukuliwa yule wa kwanza kutazama viatu vyake. Bwana Ishaq alitazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata likaja gari limepakia vioo vyeusi vipana vya kunasa jua, na mabomba, na watu wawili. Mmoja alikuwa mhandisi Aflah, kijana aliyesoma ng'ambo akarudi na digrii na imani. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na kitu alizungumza kama ajuza wa Mkunazini. Wa pili alikuwa fundi Japheth, Mkenya wa Kakamega, wa karakana moja ya Wadi Kabir, aliyekuwa akienda kanisani Ijumaa kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kazi, na Mungu, alivyosema mwenyewe, anajua mambo ya Gulf.

Walipopanda juu ya paa walimkuta Bi Masouda ameshatangulia, kakaa juu ya kibao cha mbuzi, mwavuli mkononi.

"Hapa pana ndimu zangu," akasema. "Pale pana papa. Kule nnatandaza pilipili. Haya, vyako unavitaka vikae wapi, mwanangu?"

"Bibi," akasema Aflah kwa upole, "jua ni nishati ya bure. Halina moshi, halina bomba la kutoboka, halina bei ya kupanda na kushuka. Twataka tulitumie, tusiliache likapotea."

"Nani kaliacha likapotea? Hizo ndimu zimekaushwa na nini, na tochi?"

"Ni kweli bibi, lakini mchoro wangu waonesha vioo vikae hapa chini, vielekee kusini."

"Mchoro wako haukuonesha papa?"

Aflah aliutazama mchoro. Haukuonesha papa. Jua lilikuwa limeshapanda, na Japheth, ambaye shati lake lilikuwa limebadilika rangi, akatoa rai ya mtu anayetaka kushuka.

"Sasa mama, si tuweke tu juu ya matangi? Hapo hakuna kitu yako. Tutainua na vyuma, ikae kama kitanda ya dabodeka."

"Juu ya matangi fanyeni mtakavyo," akasema Bi Masouda. "Matangi si yangu, ya Ishaq."

Ikawa hivyo. Vikasimamishwa vyuma virefu, na juu yake vikalazwa vioo vyeusi, vipana kama majamvi ya msikitini, vikayafunika matangi yote kwa juu kama mama aliyewafunika wanawe kwa kanga. Mabomba yakashuka mpaka kwenye mfereji mwekundu, na nje ukutani ikafungwa mita ya kuhesabu maji moto, wizara ipate kuisoma. Na kwa kuwa jua sasa ndilo lililoajiriwa, hita ya umeme ikaachishwa kazi. Ikang'olewa ukutani, ikarudishwa bohari ya wizara, na karani aliyeipokea, akaitilia sahihi na kuipandisha juu ya rafu kwa mikono yake, alikuwa Bwana Ishaq. Waliokuwepo wanasema aliipapasa kabla ya kuiacha.

Jioni ile alimwambia mkewe, Nawar, "Zamani akiungua wa pili. Sasa tutaungua sote. Haya ndiyo maendeleo."

Mambo yaligeuka baada ya siku chache, wakati wa alasiri. Bi Masouda aliingia kutawadha. Yeye alikuwa na utaratibu wake: hufungua mfereji wa buluu, hutaja jina la Mungu, huchovya ncha ya kidole, huuvuta mkono, hunung'unika, huchovya tena. Nyumba nzima ilizoea kuyasikia hayo kama saa ya ukutani. Siku hiyo hakukusikika kitu.

"Ishaq."

"Naam, mama."

"Njoo. Maji yameharibika."

Bwana Ishaq alikuja. Akatia kidole, akatia kiganja, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Hayakuwa baridi, tusimsingizie Mungu. Yalikuwa maji tu, kama maji waliyopewa mataifa mengine.

Alipanda juu ya paa hali amevaa ndara za mamaake. Huko aliyakuta matangi yamekaa katika kivuli kizito, cheusi, kisichotikisika. Juu ya kifuniko cha tangi kubwa alikuwa amelala paka, miguu minne imeachwa ovyo, na paka wa Sib halali juu ya kitu kinachounguza. Bwana Ishaq aliliwekea tangi kiganja. Akakiacha hapo. Vioo vilivyoletwa kwa gari la serikali kuja kuchemsha maji ya mfereji mwekundu, vilikuwa vinayapoza ya buluu kwa kuyasimamia tu.

Aliposhuka alikoga, kisha akakoga tena, kisha akaja ukumbini na nywele mbichi akamwambia Nawar, "Nishati mbadala ni kitu kizuri sana."

"Asubuhi ulisema ni wazimu."

"Asubuhi nilikuwa sijakoga."

Habari hazikai ndani ya nyumba za Sib. Wa kwanza kuja alikuwa Bakhit, na ndoo, akajidai anapita njia.

"Nimesikia mna maji."

"Kila mtu ana maji, mwalimu."

"Yakhe, usinitese. Mie nnatawadha na moto miguu imeshakuwa ya kuku wa kuchoma. Nipe ndoo moja, nami banda la makuti nalisamehe."

"Si ulisema unangoja nazi?"

"Na nazi nazisamehe."

Baada ya Bakhit wakaja wengine. Ikawa karibu na kila sala watu wanasimama uani kwa Bwana Ishaq na ndoo, madumu na mabirika, wanaulizana hali. Naye, mtu ambaye hakuwahi kusema maneno kumi mfululizo isipokuwa kwenye Fatiha, akawa mhubiri. Akiwamiminia maji huwasomea hotuba ya Sheikh Awadh kwa moyo: kwamba jua halina moshi, kwamba haliombi likizo, kwamba mafuta yatakuja kwisha lakini jua Mungu ndiye mlinzi wake wa bohari. Wasikilizaji waliitikia kwa dhati. Haijapata kutokea, kabla yake wala baada yake, mtaa ulioamini nishati mbadala kama mtaa ule, na ndoo mikononi.

Mfereji mwekundu hapana aliyeusogelea. Ukiugusa ulitoa kwanza mvuke, halafu mlio, halafu maji ya kupikia chai. Nawar aliufunga kitambaa shingoni, kama mtu anavyomfunga mbwa anayeuma, ili wageni wajue.

Katikati ya Agosti simu ililia. Alikuwa Aflah.

"Bwana Ishaq, assalamu alaykum. Mbona mita ya maji moto haisogei kwako?"

"Alaykum salaam. Haisogei vipi?"

"Tangu Juni haijasogea hata unywele. Mwautumia mfereji mwekundu au hamuutumii?"

Bwana Ishaq alitazama kitambaa. "Tunautumia... kwa heshima."

"Basi sikiliza, baba. Kamati yazunguka Jumatano. Nyumba isiyotumia maji moto itang'olewa vioo vyake, pamoja na vyuma. Kuna nyumba ya wageni Azaiba wameviomba, wao watavitumia. Mimi sitaki vikutoke, lakini Sheikh Awadh mwenyewe atakuja."

Bwana Ishaq aliiweka simu chini, naye akakaa chini pale pale. Aliviona vioo vikishushwa ngazi kama maiti. Aliliona tangi limebaki uchi mbele ya jua. Na hita ilikuwa bohari, juu ya rafu, na kutoka bohari ya wizara hapana kitu kilichowahi kutoka kwa haraka. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mwenye kuchelewesha alikuwa yeye.

Kikaitishwa kikao. Walihudhuria mama, mke, na Bakhit, ambaye sasa alikuwa na haki ya maji na kwa hiyo ya maoni.

"Ufungueni mwekundu umwagike mpaka Jumatano," akasema Nawar. "Mita itasogea."

"Hayamwagwi maji ndani ya Omani," akasema Bi Masouda. "Nitaulizwa mie kaburini, wala si hao wa kamati. Mkitaka yatoke, yatoke yakafanye kazi."

"Kazi gani, mama, na joto hili?"

Bi Masouda alifikiri. "Nani ana kuku?"

Kilichofuata watu wa mtaa ule wanakitaja hadi leo kwa jina la Usafi Mkuu. Kuku waliletwa kutoka kila ua, wakachinjwa, wakanyonyolewa kwa maji ya jua. Waliosalia ni wale waliokuwa na akili ya kuruka ukuta. Yalifuliwa mazulia, mapazia, mito ya majilisi. Yalilowekwa maharage na dengu za kulisha harusi ambayo haikuwepo. Bakhit alileta Landkruza yake ikaoshwa mpaka ikaonekana rangi ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau. Masufuria yaliyorithiwa Unguja na weusi wake yakang'ara, na Bi Masouda akalalamika kuwa hayatambui.

Nawar, katika rabsha zile, aligundua jambo lake peke yake. Sufuria ya wali ikianzwa na maji ya mfereji mwekundu, huchemka kabla hujamaliza kuchambua mchele, na mtungi wa gesi uliokuwa ukiisha upesi sasa ulikuwa mzito vile vile. Hakumwambia mtu. Angesema, angelazimika kukiri kuwa serikali ilisema kweli, na yeye hakuwa tayari kulifanya hilo mbele ya Bakhit.

Jumatano wakafika: Sheikh Awadh katika joho, Aflah na faili, mpiga picha, na Japheth, aliyepelekwa moja kwa moja kwenye mita. Aliitazama, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena.

"Mhandisi," akaita, "hii kitu imekimbia. Ni kama hapa kuna hoteli."

Aflah alikuja akaona. "Bwana Ishaq, mwaishi wangapi humu?"

"Si wengi. Ila tunapenda usafi."

Bakhit, aliyekuwa amejipa cheo cha jirani shahidi, akatikisa kichwa. "Hupita kiasi, wallahi. Sisi majirani tunawaona."

Sheikh Awadh aliuliza kwa Kiarabu chake cha Matrah, kizito na cha taratibu: je, familia inakoga kwa maji haya?

"Kila siku, Sheikh."

"Hata mwezi huu?"

"Mwezi huu hasa."

Ikatakiwa picha. Bwana Ishaq asimame kwenye mfereji mwekundu, anawe mikono, atabasamu. Alinawa. Alitabasamu. Mpiga picha hakuridhika na mwanga, akamwomba anawe tena. Picha ile ilikuja kuchapwa katika kijitabu cha wizara kuhusu faida za nishati ya jua, na anayeitazama huona mtu aliyefurahi mpaka akatokwa na machozi.

Kazi ilikuwa kama imekwisha. Aflah alishaanza kufunga faili, Nawar alishaanza kupakua, na Bwana Ishaq alishaanza kuvuta pumzi, mikono kaificha mgongoni, pale ilipoadhiniwa adhuhuri na Sheikh Awadh akasema anaingia bafuni kutawadha.

Kitambaa kilikuwa kimefunguliwa kwa ajili ya picha.

"Sheikh," akasema Bwana Ishaq, akimfuata mlangoni, "wa buluu. Tumia wa buluu, tafadhali."

Sheikh Awadh aligeuka akamtazama kwa huruma. Alikuwa mtoto wa Matrah, na baba yake mtoto wa Matrah, na hapana mtoto wa Matrah aliyewahi kufungua mfereji wa buluu mwezi wa nane. Akamwekea Bwana Ishaq mkono begani.

"Mwanangu, nyinyi mliotoka Zanzibar mmekaa hapa miaka yote hii, na bado?" Akatabasamu, akafunga mlango.

Wote waliobaki nje walisikia mfereji ukifunguliwa. Ulitoa mvuke, halafu mlio. Halafu kikasikika kitu ambacho hakikuwa Kiarabu wala Kiswahili, na ambacho Japheth alisema baadaye kuwa hata kwao kipo na kina maana ile ile.

"Yakhe," akanong'ona Bakhit, "umemchemsha mwenyekiti."

Bwana Ishaq alikuwa ameshafika Azaiba kwa mawazo, anawatazama wageni wa watu wakikaa chini ya kivuli chake. Kisha maji yakasikika tena, mlio mwingine, mpole. Yakaendelea. Yakaendelea kupita udhu, kupita hata josho. Bi Masouda alikuja akasimama, akasikiliza kama anayesikiliza taarabu.

"Huyo kaupata wa buluu," akasema. "Mwacheni."

Mlango ulipofunguliwa Sheikh Awadh alikuwa na uso mtulivu wa mtu wa cheo. Miguu yake ilikuwa na rangi ya kamba waliokwisha kuiva. Alimtazama Aflah.

"Andika," akasema. "Maji ya moto yanafanya kazi."

Aflah akaandika. Na kweli, angesema nini tena? Mwenyekiti wa kamati ya maji moto hawezi kulalamika kwamba maji yalikuwa ya moto. Kisha Sheikh akasogea karibu na Bwana Ishaq, akashusha sauti.

"Na yale mengine?"

"Yepi, Sheikh?"

"Ya buluu."

"Yale... ya tangi tu, Sheikh. Hayana chochote."

"Nipeleke."

Walipanda, adhuhuri ile, Sheikh na joho lake. Ndimu zilikuwa zinakauka, papa alikuwa ananuka, paka alikuwa juu ya tangi lake. Sheikh Awadh aliinama akapita chini ya vyuma, akaingia katika kivuli, akaweka kiganja juu ya tangi. Paka alifumbua jicho moja, akamwona ni mwenzake, akalifumba. Aflah alianza kuomba radhi: mchoro ulisema vioo vikae chini, lakini kulikuwa na bibi, na kulikuwa na papa, na fundi akashauri vyuma, na ikiwa Sheikh ataamuru vitashushwa leo leo.

"Hapana," akasema Sheikh Awadh bila ya kuondoa mkono. "Hapa paachwe hivi hivi. Asiguse mtu."

Hivyo ndivyo vioo vilivyobaki Sib. Azaiba walipewa ahadi.

Na haki isemwe. Ulipofika Januari, Maskati ikapata zile siku zake chache za baridi, na magoti ya Bi Masouda yakaanza kulia kama milango, ulifunguliwa mfereji mwekundu kwa hiari ya moyo. Bi Masouda alikaa juu ya kibao akajimwagia kata baada ya kata, akatoka na mvuke mabegani, akasema ikiwa jua lenyewe lilikuwa na uwezo huu siku zote, basi limekuwa vivu. Kwa Bi Masouda hiyo ilikuwa sifa. Nawar naye alikiri habari za mtungi wa gesi, lakini baada ya miaka, Bakhit alipokuwa safarini Pemba.

Bwana Ishaq alistaafu mwaka 2003. Bohari walimfanyia chakula na kumpa saa ya ukutani. Nyumbani hakubadilika: anakoga mara tatu kwa siku, hasemi sana, na ukimtajia nishati mbadala atakuketisha na kukusomea hotuba yote mpaka mahali pa makofi. Tangazo lenyewe bado linasomwa kila Mei, katika ukumbi ule ule wenye viyoyozi, na msomaji bado ni Sheikh Awadh, ambaye, kwa kuonesha mfano, alikuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa kuvitia vioo vya jua katika nyumba yake mwenyewe.

Aliyevifunga ni Japheth. Alipita Sib jioni ile kumwamkia Bi Masouda, akapewa chai na mkate wa ufuta, na Bwana Ishaq akamuuliza kazi ya nyumba kubwa kama ile ilikuwaje.

"Rahisi, mzee," akasema Japheth. "Tulifunga tu juu ya matangi, tukamaliza mapema. Mudir, huyo Sheikh mwenyewe, alisema hana haja na mabomba."